Kumfundisha Kashata Kuitika

Kwamba paka hana shukrani nilikuwa najua. Kwamba hana masikio nilikuja kujua masika yale, nikiwa nimekaa kwenye kibaraza changu hapa Bigwa, nyuma ya cherehani, naita jina moja mpaka koo linakauka, na kile kiumbe kinachotosha kiganjani kinanitazama, kinapiga miayo, kinageukia upande wa pili. Wanawake waliokuwa wakishuka kutoka mlimani na ndizi kichwani walisimama kuangalia. Mmoja aliniuliza kama ninayemwita ni mwanangu. Nikamwambia ni paka. Akaondoka bila hata kuniaga.

Si kwamba nilikuwa napenda paka. Sababu ilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa ameshuka kutoka kwake, juu kabisa ya Mkuyuni, aje kukaa kwangu akisubiri kupasuliwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Hospitali walisema presha ishuke kwanza, basi tukawa tunaisubiri presha ishuke, nayo haikuwa na haraka. Mwanga alikuwa anauona, na kivuli cha mtu anakiona, lakini jiwe halioni wala shimo halioni. Na nyuma ya nyumba yangu kuna mteremko wenye migomba, na chini ya migomba kuna korongo ambalo maji hulila zaidi kila masika. Mtu mwingine angekaa kwenye kiti akasikiliza redio. Mama yangu, kabla hata hajazoea choo kiko wapi, alikuwa ameshapanda magimbi kule chini, ukingoni mwa korongo, kwa kupapasa.

Mimi ni fundi wa nguo, na kazi ya cherehani ni ya kukaa. Siwezi kuinuka kila mara kumfuata mtu mzima, kwa hiyo nilikuwa namwita. "Mama!" Kimya. Nasikiliza, kimya. Nauacha mshono katikati, natoka mbio, namkuta nyuma ya jiko amesimama, mzima wa afya, ananisikia vizuri kabisa.

"Mama, si nimekuita?"

"Umeita mara moja."

Huko alikokulia, ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, mwito wa kwanza hauitikiwi. Hata wa pili unautafakari. Binadamu mwenye shida na wewe ataita tena, lakini jini huita mara moja tu, na ukimwitikia umekwisha. Nilimwambia mama kwamba hapa ni mjini, majini wa hapa wana shughuli zao. Nikamwambia sauti yangu anaijua, yeye ndiye aliyenizaa. Akasema hiyo ndiyo sauti ambayo jini mwenye akili angeichagua. Utamjibu nini mtu kama huyo? Kabla sijafika huo mwito wa tatu, roho iko juu, mkasi nimeshautupa na niko njiani nakimbia kuelekea korongoni. Siku moja nilijichoma kidole na sindano ya cherehani kwa sababu ya kutega sikio badala ya kuangalia kitambaa. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa, na woga wangu hutoka kama ugomvi.

Ndipo jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliponiletea mtoto wa paka, maana panya walikuwa wanakula vitambaa vya wateja. Alikuwa wa kahawia mwenye mabaka meupe, nikamwita Kashata. Mwanzoni alilala chini ya cherehani, kisha akamgundua mama, na tangu hapo hakubanduka. Mama akienda jikoni, yuko nyuma yake. Akienda chooni, anamsubiri mlangoni. Akishuka kwenye magimbi, kimkia kinaonekana kikipita kwenye majani. Nikapata wazo, na nikalipenda sana lile wazo langu: mama haitiki, paka yuko na mama, basi nikimfundisha paka kuitika nitajua mama yuko wapi.

Niliangalia video kwenye simu. Mama mmoja wa ughaibuni alikuwa na paka mnene aliyelala kwenye kochi. Anamtaja jina kwa sauti ya upole, anampa kitu cha kutafuna, anasogea mbali kidogo, anamtaja tena, na paka anamfuata. Hivyo tu. Video ile haikuonyesha kuku wa jirani, wala mteja anayetaka gauni lake jioni hii, wala mzazi anayevuruga somo.

Nilianza na vichwa vya dagaa. Nilivitia kwenye mfuko wa aproni, na kesho yake aproni ikajaa sisimizi. Nikaita "Kashata", nikampa kichwa cha dagaa, akala. Nikaita tena akiwa ameshiba, akaanza kujilamba mguu. Nikangoja apate njaa. Akapata njaa, akaja bila kuitwa, akapanda juu ya gauni la sherehe ya sendofu nililokuwa nalipiga pindo. Mwenye gauni alipokuja kujaribu alikunja pua.

"Fundi, mbona linanuka dagaa?"

Nilimwambia ni wanga wa kitambaa kipya. Jioni ile nililifua, nikalifukiza udi, na bado alilichukua akiwa amelishika kwa vidole viwili.

Halafu nikagundua jambo lililonikasirisha kuliko yote. Ili nimpe dagaa ilikuwa lazima nisimamishe cherehani. Kwa hiyo Kashata akajifunza kwamba cherehani ikinyamaza, dagaa wanakuja. Nikisimama kutunga uzi, huyu hapa. Nikisimama kupokea simu, huyu hapa, anakwea sketi yangu kwa kucha. Lakini nikiita jina lake huku nashona, hana habari. Nilikuwa nimemfundisha cherehani, jina sijamfundisha, na ilibidi nianze upya.

Na mama alikuwa anayasikia yote. Kashata akiwa mapajani mwake, mimi nikaita kutoka kibarazani, alikuwa anamfunika kwa mkono.

"Tulia. Mwito wa kwanza hauitikiwi."

"Mama, tafadhali! Usimfundishe hivyo."

"Namfundisha adabu. Wewe unamfundisha kukimbilia dagaa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mchungwa mpaka hasira ziliposhuka. Milima ilikuwa imefunikwa na ukungu mpaka chini, na mimi nina sare za kwaya ambazo sijazigusa, nabishana na mwanamke asiyeona na mnyama asiyesikia kuhusu nani amwitikie nani. Nilijiapiza kwamba nitamrudisha paka kwa mwalimu. Nilikwenda hata kutafuta boksi.

Sikumrudisha, kwa sababu siku ile ile, nikiwa na boksi mkononi, niliita "Kashata!" kwa hasira tu, sina hata dagaa, naye akatokea jikoni mbio, mkia juu, analia njia nzima. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchicha. Nilimbeba yule paka nikambusu, mimi ambaye hata watoto wa watu siwabusu.

Kuanzia hapo maisha yalikuwa mepesi. Nilikuwa naita "Kashata!" bila kuondoa mguu kwenye pedali, naye anatokea. Akitokea upande wa jikoni, mama yuko jikoni. Akitokea chumbani, mama amelala. Akitokea chini na umande kwenye manyoya, mama yuko kwenye magimbi yake. Namtupia kichwa cha dagaa, naendelea kushona. Sikujichoma tena. Nilimsimulia mwalimu, nikawasimulia na wateja, nikajiona nimewashinda wote wawili, paka na mama. Nikamaliza sare za kwaya, nikachukua kazi nyingine.

Mchana mmoja mvua ilianza kama manyunyu. Niliita, Kashata akaja kutoka chini, amelowa. Nikamtupia chake. Nikasema moyoni, mama yuko magimbini, atapanda kurudi mvua ikizidi. Nilikuwa natia zipu, na zipu ile ilikuwa inanisumbua. Mvua ikazidi. Nikaita tena, "Kashata!", na kitu kikanigusa mguuni. Alikuwa hajaondoka. Alikuwa amekaa pale pale chini ya cherehani, ana tope jekundu mpaka tumboni, anangoja kichwa kingine.

Nilisimama na zipu mkononi. Nikaelewa jambo ambalo mtu mwenye akili angelielewa tangu siku ya kwanza. Kila nilipomwita paka, nilikuwa namwondoa kwa mama.

Nilishuka ule mteremko kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Kashata alinifuata, anajipitisha kwenye vifundo vya miguu yangu akidhani ni safari ya dagaa, na mara mbili nusura aniangushe. Nikawa napiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Kashata! Kashata!", kwa sababu ndilo jina nililozoea kuliita nikimtafuta mama. Paka mwenyewe alikuwa ananitazama kutoka chini na kuniitikia kila mara, kwa utii kabisa, kama nilivyomfundisha. Ningeweza kumpiga teke. Magimbini hapakuwa na mtu. Sehemu ya ukingo ilikuwa imemeguka, na chini maji mekundu yalikuwa yanapita kwa kelele. Niliita tena jina la paka. Nilikuwa nalia.

Kisha nikaona kanga ya mama. Alikuwa ameteleza na ule udongo, akanasa kwenye kijukwaa kidogo juu tu ya maji, chini kidogo ya pale niliposimama. Amekaa, mguu mmoja ameukunja vibaya, ameshika shina la mgomba kwa mikono miwili. Mvua ilikuwa inampiga usoni. Alikuwa ametulia.

Nilimfikia kwa kutambaa. Nikampapasa kichwa, mikono, mguu. Kifundo kilikuwa kimevimba, lakini mfupa haukuwa umevunjika. Hapo ndipo hasira ikanipanda.

"Mama, kwa nini huitiki? Nimeita mpaka sauti imeisha! Nimeita mara ngapi? Si mara moja, si mbili!"

"Nimekusikia tangu uko juu."

"Sasa?"

"Ulikuwa unamwita paka," akasema. "Ungeniita mimi ningeitika."

Nikauweka mkono wake begani mwangu, tukaanza kupanda, hatua moja tunasimama, hatua moja tunasimama, Kashata anatangulia na kurudi. Nilikuwa natafuta kichwani siku ya mwisho niliyoita "Mama" kwa sauti katika nyumba yangu. Tangu paka ajue jina lake, ni lini? Wakati wa chakula nilikuwa namshika mkono tu. Asubuhi nilikuwa namwamkia shikamoo huku nachemsha chai, nimempa mgongo. Nilitafuta mpaka tukafika kwenye migomba ya juu, nikatafuta mpaka mlangoni, sikuipata hiyo siku.

Mama hakuwa anaona uso wangu. Alisikia tu kwamba nimenyamaza muda mrefu, mimi nisiyenyamaza, akadhani nimekasirika. Nilipomkalisha kwenye kiti na kuanza kumvua kanga iliyolowa, alinishika mkono akaniomba radhi kwa kuanguka.