Mikono Iliyokosa Nafasi

Nakumbuka vizuri Jumapili ile, mwanangu, maana ndiyo siku niliyoulizwa swali ambalo mpaka leo sijalijibu. Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Maji Maji, Mjerumani bado anatawala hapa Songea. Nilikuwa kijana, napanga kurasa kwenye kiwanda cha kuchapa cha misheni. Tulikuwa na gazeti dogo la Kiswahili, na mimi ndiye niliyepanga herufi za madini ya risasi moja moja, nikaamua habari ikae wapi na picha ikae wapi. Bruda, mtawa wa Kijerumani aliyetusimamia, alikuwa akiinua ukurasa wangu dirishani na kusema, "Umenyooka." Nilivimba kichwa, usiulize.

Kisha akaja Thadei. Yeye alichonga picha kwenye vibao vya mti, tukavipaka wino na kuvichapa. Tangu siku hiyo watu walifungua gazeti wakaenda moja kwa moja kwenye picha. Hakuna aliyesema tena kwamba ukurasa umenyooka. Nilimwonea wivu, mwanangu. Nilichukia mpaka namna alivyopuliza vumbi la mbao. Akinisalimia naitikia, huku moyoni naomba patasi imteleze.

Siku moja akaleta kibao kipya. Alikuwa amemchonga mama yake, aliyekufa kwenye njaa iliyokuja baada ya vita, mashamba yalipochomwa. Amekaa chini, ameshika kibuyu kwa mikono miwili, anamsogezea mtu asiyeonekana. Ile mikono! Vidole vimekonda, mishipa imesimama, ungesema itatetemeka. Niliitazama nikajua mimi sitafanya kitu kama kile hata nikizaliwa mara ya pili. Ndipo nikaanza kukitafutia kasoro.

"Kipe ukurasa mzima," Bruda akaniambia, kisha akasafiri. Thadei naye akaenda kijijini kwao Mpitimbi kumchukua bibi yake, mama wa yule marehemu, aje amwone binti yake. Picha nyingine ya yule mwanamke haikuwapo duniani.

Nikabaki na kile kibao. Nikajiambia ni kirefu mno. Nikachukua msumeno, nikakata sehemu ya chini, ile yenye mikono, nikaitupa kwenye jiko tulilokuwa tukiyeyushia risasi. Palipobaki wazi nikapanga maua, yale mapambo yangu ya kuchapia niliyoyapenda, safu mbili, yamenyooka kabisa. Nikachapa. Na nilifurahi, sikufichi.

Jumapili, baada ya misa, Thadei akaja na bibi.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akakaa, akafunguliwa gazeti mapajani. Akaugusa uso. "Ndiye," akasema. "Ndiye mwanangu kabisa." Kidole kikashuka polepole, kikafika kwenye maua, kikasimama. "Mikono yake iko wapi?"

Thadei akanitazama. Nikasema, "Bibi, nafasi haikutosha."

"Na haya maua yalipataje nafasi?"

Nikayatazama yale maua yangu.

"Wakati wa njaa ile, fungu lake la mizizi alikuwa akinipa mimi," bibi akasema, wala hakupaza sauti. "Ile mikono ndiyo niliyokuja kuiona."

Thadei hakunitukana. Aliuliza tu kipande kiko wapi, nikamwonyesha jiko. Bruda aliporudi alinikemea, na kemeo lake lilipita. Thadei akamchonga mama yake tena, mara ya pili, mara ya tatu. Uso ulikuja, mikono ikakataa. Mwisho akaweka patasi chini, akarudi Mpitimbi kulima, na sikusikia kwamba alichonga tena. Basi nikabaki na kurasa zangu zilizonyooka, bila mtu wa kumwonea wivu. Ungedhani nilipumzika. Hata leo nikiikumbuka ile mikono, kwanza naona aibu, halafu, nisikudanganye, wivu ule ule unanichoma.

Nakueleza haya kwa sababu jana ulinionyesha kurasa unazozipanga za gazeti lenu la michoro. Ukasema yule mchoraji mwenzako anasifiwa kupita kiasi, na sauti yako ikabadilika. Naijua sauti hiyo.

Mwanangu, wivu haujitaji jina. Utakuambia picha ni ndefu, utakuambia nafasi haitoshi. Kabla hujakata kazi ya mtu, muulize mwenyewe ni sehemu gani hawezi kuiacha. Iachie picha yake karatasi nyeupe pembeni ipate kuonekana, wala usiogope watu kusema hukufanya kitu. Na ikikuuma, acha ikuume. Sema moyoni, "Hii ni nzuri kuliko yangu," kisha uipange vizuri hivyo hivyo, huku inauma.

Mungu akujalie macho ya kuifurahia kazi ya mwenzako, aibariki mikono yako, na yake pia. Sasa nenda. Na yale maua uliyoyaweka chini ya mchoro wake, kayaondoe.