Kikombe cha Managu

Leo nikichambua mboga ya managu, tunda moja jeusi limepasuka kidoleni, na harufu yake chungu imenirudisha utotoni mtaani Silanga, kando ya maji ya dam.

Macho ya Baba yalikuwa yamegeuka manjano. Mama akaniambia, "Kwetu matunda ya managu husafisha ini. Enda uchume yaliyoiva, kikombe kizima."

Nilikijaza. Lakini njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilipomfikia Baba, yalikuwa yamebaki machache tu chini ya kikombe.

"Toa ulimi," akasema.

Nikautoa, wote zambarau.

Hakunigombeza. Alinirudishia kikombe. "Maliza tu. Wewe bado uko na ini."

Nami, mbele ya macho yale, nikamaliza.