Kaburi la Mtambo

Mpaka leo nikipita Mwera wapo wanaoniuliza marehemu anaendeleaje, na mimi hucheka nao tu, maana nikikasirika watazidi, na isitoshe aibu ile niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimepata kibarua kwa wataalamu wa miamba (niliacha shule wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu, kwa hiyo kibarua kwangu si kitu cha kuchezea). Kiongozi wao, Dokta Neema, alinieleza kuwa ardhi ya huku imevutwa na bonde la ufa, na kwamba umeme wa asili hupita ndani yake, kwa wepesi penye maji ya chumvi au joto, kwa taabu penye mwamba mkavu, basi wao hufukia vyombo vya kuusikiliza wakajua huko chini kabisa kukoje bila kuchimba kisima. Mimi kazi yangu kufukia na kulinda.

"Mpaka kesho asubuhi mtu asikanyage hapa, wala chuma kisisogee karibu, kitavuruga vipimo," alisema. "Kituo hiki kikiharibika, Mbwana, nitatafuta mlinzi mwingine."

Chombo chenyewe ni bomba lenye urefu wa mtoto mdogo. Tulilizungushia kitambaa cheupe lisiingiwe na mchanga, tukapima shimo kwa dira, nikashuka kulipokea, nikalilaza taratibu. Dokta akaondoka na gari kwenda kituo kingine. Nikawaza wachunga ng'ombe wanaopita pale, nikajiambia mtu wa kwetu atakanyaga kila kitu ila kaburi, basi nikainua tuta, nikaweka jiwe huku na jiwe huku, nikaenda kukaa mbali nikijisifu kwa akili zangu.

Kumbe mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni alituona tangu mwanzo. Na mdogo wetu wa mwisho, Athumani, alikuwa Ngamiani kwa shangazi, hajaonekana kijijini siku kadhaa. Sasa jumlisha mwenyewe.

Alasiri nikaona watu wanakuja, wanaume na baiskeli zao na majembe, mbele Mzee Kombo anayetuchimbia makaburi, na nyuma Bi Mwanahawa, jirani aliyetulisha baada ya wazazi kuondoka, analia kanga mdomoni.

"Shikamoo mzee," nikasema nikiwakimbilia. "Tafadhali msisogee."

"Marahaba. Umekua siku hizi, unazika peke yako?" Akalitazama tuta, akashika kichwa. "Na umemlazaje? Kibla iko wapi hapa? Tupishe, mtoto alazwe vizuri."

"Si mtoto, mzee, ni mtambo."

"Mtambo gani unavishwa sanda?"

Akainua jembe. Nami (sikuwa na akili nyingine) nikajitupa kifudifudi juu ya tuta, nikalikumbatia.

"Mwacheni alie," akasema mtu. "Alikuwa hajalia."

Hivyo ndivyo Dokta Neema alivyonikuta aliporudi, nimelala juu ya chombo chake, nimezungukwa na chuma cha kijiji kizima. Alifukua mwenyewe, akafungua kitambaa, akawaonyesha bomba. Bi Mwanahawa hakulitazama hata kidogo.

"Athumani yuko wapi?" aliniuliza.

Nikampigia shangazi, nikampa Bi Mwanahawa simu. Aliposikia sauti ya Athumani akaketi palepale mchangani, akacheka na kulia kwa pamoja.

Nikaokota jembe langu niondoke kabla sijafukuzwa.

"Unakwenda wapi?" Dokta akauliza. "Leo kituo kimeharibika, kesho tunarudia. Ila safari hii uwaambie watu."

"Atakayepita hapa kesho na baiskeli atanikuta mimi," akasema Mzee Kombo, na kweli, kesho yake aliwazungusha watu njia ya mbali mpaka kituo kikakamilika, nami nikamaliza kibarua changu.

Lakini jioni ile niliporudi nyumbani nilikuta uwanja umejaa kuni, nazi, na sufuria za wali vilivyoletwa kwa ajili ya msiba, wadogo zangu wamewekwa katikati ya wanawake, wala hakuna aliyekuwa ameombwa kitu. Miaka yote ile nilidhani nawalea peke yangu. Tulikula wote, nikatukanwa kila tonge, nikashukuru kila tonge.

Siku hizi sichimbi hata shimo la taka kabla sijapita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani kwamba hajafa mtu.