Mshindi wa Tatu, Mita Mia Mbili

Nilifundisha hesabu miaka kumi na mmoja kabla sijaacha chaki nikaingia kwenye biashara ya mashuka, na Waswahili wote niliokutana nao Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini waliniita Mwalimu. Sikuwakataza. Mwalimu ana ruhusa ya kumdharau mtu huku akimtazama usoni, na miaka ile nilikuwa na watu kadhaa wa kuwadharau.

Wa kwanza sikuwahi hata kumwona. Alikuwa mkuu wa chuo kimoja cha uhasibu nyumbani. Binti yangu aliomba nafasi pale akakosa kwa alama mbili. Alama mbili, mtoto ambaye akiwa darasa la tano alinisahihisha mimi mwenyewe, mama yake, kwenye daftari la duka! Na wakati anakosa, chuo kilikuwa kimetenga nafasi za wanamichezo, kwa sababu mkuu alitaka kikombe cha mashindano ya vyuo kikae kabatini kwake. Ukipeleka medali, alama zinazokupungukia unasamehewa.

Simchukii mkimbiaji. Miguu ni yake na jasho ni lake. Ninayemdharau ni mtu mzima aliyekaa ofisini, feni inampepea, akaamua kwamba anayewahi kukata utepe ndiye atakayejua kukagua hesabu za watu. Binti yangu alibaki dukani akikunja mashuka. Tuliambiwa kuna nafasi chache zitajazwa mwezi unaofuata, halafu mlango unafungwa. Nilisafiri na jambo hilo limenikaa kooni.

Wa pili nilimwona kila siku. Alikuwa mwenzangu wa biashara kutoka Dar, muuza spea za pikipiki, tukilala nyumba moja ya wageni karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu. Asubuhi moja alinikuta nakunywa chai.

"Mwalimu, nisindikize Yide Lu. Wewe Kichina chako kinanunua, changu kinachekwa."

"Unatafuta nini?"

"Medali."

Nikaweka kikombe chini. Mwanawe naye alikuwa ameomba chuo kilekile, na kijana huyo nilimfahamu. Siku alipotusindikiza uwanja wa ndege alibeba begi la mkono la baba yake kutoka kwenye teksi hadi mlangoni, akaomba kukaa.

"Anakimbia nini?" nikauliza.

"Mita mia nne."

"Tangu lini?"

"Tangu leo." Akacheka hadi mate yakampalia. "Usinitazame hivyo, Mwalimu. Elimu si haki ya kila mtoto?"

Nilimwona mtu wa hovyo kabisa. Lakini nilikwenda, na nikajiambia nakwenda kwa sababu nami nilikuwa na madaftari ya kununua mtaa huohuo.

Duka la medali lilikuwa katikati ya wauza wanasesere na wauza samaki wakavu, kwa hiyo ushindi wote wa pale ulinuka dagaa. Vikombe vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu vilipangwa hadi darini. Laoban, yaani bosi wa duka, alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti bila kutuangalia. Nikamwambia tunataka medali moja.

"Bu xing," akasema. Haiwezekani. Anauza kwa dazeni, na dazeni inakuja imechanganywa: nne za dhahabu, nne za fedha, nne za shaba.

Mtu mwenye haya angeshukuru Mungu akarudi nyumbani. Mwenzangu alisimama kidogo, kisha macho yakamng'aa kama mtu aliyeonyeshwa soko jipya. Wazazi wenye watoto waliokosa chuo ni wengi! Akaanza kuwahesabu kwa vidole, yule jirani, yule shemeji, yule mzee wa msikitini kwao, na kabla sijamaliza kutafsiri, za dhahabu na za fedha zote zilikuwa zimepata wakimbiaji. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Laoban akaniuliza ni mashindano gani. Sijui kwa nini nilimwambia kweli. Labda kwa sababu Kichina changu kilikuwa kidogo, na uongo unahitaji maneno mengi. Nikamwambia ni za watoto, waingie chuo.

Akaacha kutafuna. Akasema yeye ana binti anayeogelea. Kila siku kabla ya shule yuko bwawani, majira ya baridi na majira ya joto, kwa sababu akifikia daraja fulani la uogeleaji anaongezewa alama kwenye mtihani wa chuo kikuu.

"Mbona usimpe moja ya hizi?" nikamwuliza.

Alinitazama kama nimemtemea mate kwenye kikombe. "Wanamtumbukiza majini," akasema, "halafu wanashika saa."

Nikamtafsiria mwenzangu. "Hawa nao wanapenda kujitesa," akasema.

Mpango wa kule niliuona wa kipuuzi vilevile, maana sijui kuogelea kunasaidia nini kwenye kukokotoa. Lakini angalau walimtaka mtoto aloe. Mkuu wetu hakuwahi kumwambia mtu hata akimbie hadi getini na kurudi. Alichotaka ni kipande cha bati chenye utepe, na bati halina shida, linauzwa kwa dazeni.

Pembeni palikuwa na fundi wa kuchonga maandishi. Mwenzangu akaandika kwenye karatasi: Mshindi wa Kwanza, Mshindi wa Kwanza, Mshindi wa Kwanza. Nikashindwa kuvumilia.

"Wote wa kwanza, mwaka mmoja, mbio zilezile? Mkuu ni mjinga, lakini hajawa kipofu. Badilisha mbio. Huyu mpe kuruka, huyu mpe mkuki."

"Unaona?" akasema kwa furaha. "Ndiyo maana nimekuja na Mwalimu."

Akazikusanya zake kwenye mfuko, zikabaki zile nne za shaba juu ya kaunta. "Hizi nani atazitaka? Chukua moja. Si una binti?"

Nyani haoni kundule. Mimi niliyemcheka tangu kwenye chai, niliyekuwa na kamusi nzima ya matusi kichwani kwa ajili yake, nilichukua kalamu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: Mita 200, Wasichana, Mshindi wa Tatu. Na nilijiona nina akili kuliko yeye. Nilijiambia mshindi wa kwanza anaulizwa maswali, wa tatu haulizwi na mtu. Fundi akachonga, akapuliza vumbi, akanikabidhi.

Alasiri nikaenda kwenye duka la simu, Huanshi Zhonglu. Nyumbani ilikuwa asubuhi, na binti yangu alikuwa akinisubiri kwa jirani mwenye simu, kama tulivyopatana. Nikamweleza haraka, kwa sauti ya chini, ingawa hakuna aliyeelewa neno mle ndani. Nilimwambia asiogope, wazazi wengi wanafanya, na mlango ulikuwa unakaribia kufungwa.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umeniandikia wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Hata ya kununua, mama?" akasema. "Hata ya kununua, umenipa wa tatu?"

Nilianza kumweleza kuhusu maswali anayoulizwa mshindi wa kwanza. Hakunisubiri. "Nitarudia mtihani," akasema. "Shikamoo," akakata.

Niliiacha medali pale kaunta, nikatoka. Sikufika mbali. Mwenye duka la simu alikuja mbio nyuma yangu, akipenya katikati ya watu na baiskeli huku ameinua utepe juu, akiita kwa Kichina kwamba nimesahau zawadi yangu. Alinifikia anahema, jasho linamtoka, akanikabidhi kwa mikono miwili. Katika mambo yale yote ya wanariadha, ndiye mtu pekee niliyemwona akikimbia.

Mtoto wa mwenzangu aliingia chuo mwezi uliofuata, kwa mita mia nne. Wangu aliingia mwaka uliofuata, kwa alama zake. Siku aliponipigia simu alinisomea somo moja baada ya jingine, taratibu, nami nikawa nasema hewaa, hewaa. Alipomaliza nilitaka kumwuliza amekuwa wa ngapi. Swali nikalimeza.