Kidole Gumba Kilichobaki Bila Rangi

Saa tatu asubuhi ukungu wa Sosiot, kwenye vilima vya chai vya Kericho, haujafikiria kuondoka, na Eucabeth Ooko ametoa kiti cha mteja nje ya saluni yake. Ndani taa inawaka, lakini leo haiamini taa. Anataka mwanga wa mchana, hata huu kidogo uliopo.

Kwenye kiti ameketi Priscah Chemutai, mkulima wa chai mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, mkono wa kulia juu ya taulo na macho barabarani. Hataki kukiona kidole gumba chake mpaka aambiwe.

"Usiangalie kama hutaki, Mama Janeffer," Eucabeth anamwambia huku akitoa rula ndogo. "Mimi nitakuangalilia."

Wamesubiri asubuhi hii kwa wiki sita.

Priscah alipoingia saluni mara ya kwanza alikuwa na shughuli moja tu kichwani: koito ya binti yake Janeffer, siku ambayo wakwe huja kukaa na wazee na kupatana mahari. Ilikuwa bado majuma manane, lakini mama mwenye binti huanza kujitayarisha mapema. Siku hiyo kila mgeni angemshika mkono.

Na mkono wa mchuma chai hauna siri. Utomvu wa majani huingia kwenye nyufa za kidole gumba na cha shahada, hukauka ukawa mweusi, na sabuni huuacha hapo ulipo. Priscah aliusugua kwa limau. Kisha kwa waya wa sufuria. Mwishowe akachovya vidole kwenye dawa ya kutoa madoa ya nguo, na ngozi ya kando ya ukucha ikavimba na kuwaka moto.

Weusi wa vidole ulipungua, isipokuwa doa moja la ukubwa wa punje ya mchele chini ya ukucha wa kidole gumba.

"Nilijua ni chai tu," anasema. "Hii kidole imekuwa nyeusi tangu niolewe. Sasa nianze kuiuliza maswali ya nini?"

Aliomba rangi nyekundu, iwe nzito. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Priscah hakuwa anaficha maradhi. Kwa akili yake alikuwa anaficha chai. Eucabeth akakataa kumpaka. Kazi ile ni shilingi mia tatu hamsini, na siku hiyo alikuwa hajapata mteja hata mmoja.

"Aliniangalia kama mtu amenyimwa chai kwa nyumba ya jirani," Eucabeth anakumbuka, akicheka. "Lakini chai inashika juu ya kucha na kwa ngozi. Haiwezi kuingia ikae huko chini."

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii haimchekeshi. Miaka minane iliyopita, akiwa ameajiriwa katika saluni moja mjini Kericho, alikuwa na mteja aitwaye Nyamoita, mwenye mstari mweusi uliotoka kwenye mzizi wa ukucha hadi ncha. Kwa karibu miaka miwili aliufunika mstari huo kwa rangi kila mwezi. Ilikuwa saratani ya ngozi. Kidole kilikatwa.

"Yuko hai, hunipigia simu Krismasi. Yeye halaumu mtu," anasema Eucabeth, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. "Mimi ndio najilaumu. Mimi ndio nilikuwa naona hiyo kidole kuliko mtu yeyote."

Kupotea njia ndiko kujua njia. Eucabeth alianza kumsumbua muuguzi jirani yake kwa maswali, akajaza daftari kwa michoro ya kucha. Leo anamweleza mteja yeyote ukucha ulivyo kwa mifano ya kazi ya baba yake, Okoth, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na sita.

"Kiwanda iko hapa nyuma, chini ya ngozi," anasema, akigusa mahali ukucha unapoanzia. "Hii unaona ni chai imeshatoka, haina uhai. Na hii ngozi laini hapa ndio mlango. Ukiikata, umewachia wezi mlango wazi."

Kwa hiyo haikati ngozi hiyo hata akibembelezwa. Wanaume wanaoshinda ndani ya gambuti wakija na kucha za miguu nene na za njano, anawaambia ni kuvu, anawaelekeza kliniki, na vifaa alivyowahudumia navyo haviguswi tena kabla ya kusafishwa kwa dawa. Anawaonya wavumilie pia: ukucha wa kidole gumba cha mkono huchukua kama miezi sita kuota upya, wa mguuni mwaka na zaidi.

Eucabeth alimtuma Priscah hospitali siku ileile. Daktari alilitazama doa kwa lenzi, akasema huenda ni damu iliyovilia. Lakini baada ya wiki sita, kama halijasogea, angekata kipande akipime. Eucabeth akaongeza la kwake: kwa tupa akachora mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa doa, upande wa mzizi. Mkwaruzo lazima utembee na ukucha. Doa la damu lingetembea nao. Kama weusi ungebaki nyuma ya alama, habari ingekuwa nyingine.

"Nililala na hiyo kidole ndani ya ngumi," anasema Priscah. "Nilifikiria Janeffer. Nikasema, Mungu, si sasa."

Sasa rula imetulia juu ya ukucha. Eucabeth anapima mara moja, kisha anapima tena.

"Mama Janeffer, angalia. Imetembea. Milimita nne, alama na doa pamoja. Huku nyuma ni safi."

Priscah anatazama. Nyuma ya mkwaruzo kuna ukucha mpya, wa waridi, bila hata chembe. Anajifunika uso kwa taulo, mabega yanatikisika, na Eucabeth anamshika. Anapoibuka, amekumbuka damu hiyo ilikotoka.

"Ni ile ng'ombe," anasema. "Ilivuta kamba na kidole yangu ndani. Nikaitukana, nikaendelea kukama."

Jumanne iliyofuata daktari alisema vivyo hivyo, na kipande hakikukatwa.

Eucabeth anapanga kukusanya wasusi na wapaka rangi wa Sosiot Jumatatu moja kila mwezi, siku isiyo na wateja, awafundishe kwa daftari lake. Ameshapata wanne. Somo la kwanza, anasema, litakuwa kuhusu Nyamoita, naye amekubali kuja mwenyewe.

Siku mbili kabla ya koito, Priscah alirudi kwenye kiti chake. Akapakwa nyekundu vidole tisa. Brashi ilipofika kwenye kidole gumba cha kulia, akakirudisha ndani ya ngumi.

"Hii wacha," alisema. "Wakwe waione tu. Mimi nataka kuiangalia ikitembea."