Katani ya Susu

Juzi sokoni Kathonzweni nilimwona mama mmoja akisokota katani kwenye paja, na ile harufu yake chachu ikanirudisha nyumbani, utotoni mwangu.

Susu, mama yake baba, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ghala. Macho yake hayakuona tena, na hata jina langu lilikuwa limempotea, lakini mikono yake haikutaka kutulia. Kila baada ya chakula mama alimwekea fungu la katani asokote kamba ya kiondo, kikapu chetu cha kusuka, na mchana wote ulijaa mkwaruzo mwororo wa kiganja chake, kengele za mbuzi zikilia mbali kama ndotoni.

"Leo inatosha kiondo?" Susu akauliza.

"Bado kidogo, mama," mama akamjibu, akaichukua kamba.

Nilimfuata. Nyuma ya jikoni nikamkuta akiifumua polepole na kuzilowesha nyuzi zake, ziwe fungu tena. Nikajua basi kwamba mama hampendi Susu.

"Mbona unamharibia kazi yake?"

"Kazi ikiisha," akasema bila kuniangalia, "kesho ataamkia nini?"

Sikuelewa. Jioni ile nilikataa kukaa karibu na mama.

Pale sokoni nilinunua fungu moja. Siku hizi mama anaishi kwangu, na mikono yake hushinda ikivutavuta nyuzi za blanketi. Jana alisokota mpaka jua likapoa.

"Inatosha kiondo?" akaniuliza.

"Bado kidogo, mama," nikamwambia, nikaichukua kamba yake, nikaenda nayo nyuma ya jikoni.