Pauni niliyoishikilia, na mechi ya magongo aliyoikosa Harjit

Nilikosa, na sijifichi. Walisema mtoto wa mchuma chai hatafika Ulaya, nikafika Birmingham. Wakasema sitasoma, nikapata diploma ya biashara huku nikipiga deki hospitalini Edgbaston. Leo nina nyumba yangu Nakuru, na waliosema hayo bado wanapanga chumba kimoja. Basi jueni kosa hili halikufanywa na mjinga.

Kule Lozells, mtaa wetu wa Birmingham, tulikuwa mashabiki kumi na wawili wa mpira wa magongo. Kila Pasaka tulivuka kwenda Uholanzi kutazama mashindano. Mwaka ule mpangaji wa safari nilikuwa mimi. Walinipa pauni zao tangu Oktoba, lakini hoteli na tiketi zililipwa kwa euro.

Wa kwanza kutoa alikuwa Harjit, Singasinga mzee aliyewahi kuwa golikipa Nairobi. Mjukuu wake wa kike, aliyehamia Uholanzi na wazazi, angecheza mashindano hayo kwa mara ya kwanza.

Abdi, Msomali wa Eastleigh ya Nairobi aliyeuza mboga na kubadilisha fedha dukani kwake pale Lozells, aliniambia, "Kaka, pauni inaanguka. Chukua euro leo."

"Wewe uza bamia. Mimi nimesomea soko. Itapanda."

"Haya, profesa."

Haikupanda. Nilipobadilisha hatimaye, pesa za watu kumi na wawili zilitosha kumi. Jina langu nililiandika la kwanza. Wawili niliwadanganya kwamba hoteli imejaa. Mmoja alikuwa Harjit; nilimchagua kwa sababu hagombani na mtu.

Uwanjani Waholanzi walitucheka: mwezi ujao wanakuja Birmingham mabasi mawili, maana pauni imeanguka na kwetu kumekuwa rahisi. Yule binti alifunga bao, akakimbilia jukwaani kwetu. "Babu yuko wapi?" Nikasema anaumwa. Uongo wa pili.

Wewe unayeshika pesa za safari za wenzako, zibadilishe siku hiyo hiyo. Ubishi wako ubishie kwa pesa yako.

Nilifanya zamu mbili mbili nikawalipa wote wawili. Harjit alikuwa wa mwisho, nyumbani kwake Shard End. Nilimweleza yote. Akaweka bahasha mezani bila kuifungua.

"Goti la mjukuu wangu liliharibika kiangazi," akasema. "Hachezi tena."

Nikainuka niondoke.

"Unakwenda wapi? Kaa. Lile bao, alilipigaje?"

Nilimsimulia. Akaniambia nianze tena, polepole.